Mtoto Anasoma kwa Masista: Mambo Ambayo Shule Haitakufanyia

Jina la mtakatifu kwenye geti si ushahidi wa chochote. Tanzania ina shule nyingi za msingi za binafsi zenye "St." mbele ya jina na Bikira Maria amechorwa ukutani, na mwenye shule ni mfanyabiashara tu. Ni biashara halali, na baadhi zinafundisha vizuri kweli. Lakini mzazi aliyempeleka mtoto pale akitegemea Misa, kipindi cha dini na maandalizi ya Komunyo ya Kwanza atashtuka mtoto akifika darasa la nne. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 803, inataka shule ya Kikatoliki iwe inaongozwa na mamlaka ya Kanisa au na shirika lake, au iwe imetambuliwa na mamlaka hiyo kwa maandishi, na inakataza shule yoyote kujiita ya Kikatoliki bila idhini. Ukienda kuchukua fomu, uliza mmiliki ni nani. Jibu linalotosheleza ni jimbo, parokia, au shirika la watawa lenye jina lake. "Ni ya Sista" halitoshi. Uliza ni Sista wa shirika gani.

Kuna na mkanganyiko wa upande wa pili. Shule nyingi za msingi zilizo ukuta kwa ukuta na kanisa, ambazo wazee bado wanaziita "shule ya misheni", ni za serikali tangu zilipotwaliwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Paroko akipita pale anasalimiwa vizuri, ila hana kauli juu ya ratiba wala walimu. Hizi za masista na za majimbo tunazolipia ada leo, nyingi zimeanzishwa baadaye.

Tukishakubaliana shule ni ya Kikatoliki kweli, ndipo linapokuja kosa ambalo wazazi wengi hulifanya bila kujua. Wanadhani wakishalipa ada, yote ya mtoto yako mikononi mwa Sista. Hayako. Mtoto wako ameandikwa, au anatakiwa aandikwe, katika madaftari matatu tofauti: la RITA kwa cheti cha kuzaliwa, la shule pamoja na mfumo wa Baraza la Mitihani, na la parokia. Kila moja lina mtunzaji wake, na watunzaji hao hawasiliani. Wa kuyafanya yasomane ni mzazi.

Majina kwanza

Vurugu nyingi zinazolipuka darasa la nne na la saba zilipandwa siku ya kujaza fomu ya awali. Tuchukue mfano. Cheti cha RITA kinasema Neema Joseph Mushi. Kanisani amebatizwa kwa jina la Maria Goreti. Mama kwa furaha ya kupata nafasi kwa masista anaandika kwenye fomu "Maria Neema Yosefu", kwa sababu lina sura ya Kikatoliki zaidi. Mtoto akiingia darasa la kwanza anasajiliwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani na kupewa namba itakayotembea naye hadi amalize elimu ya msingi, kwa jina hilohilo alilotunga mama. Miaka inapita. Siku mnahitaji kulinganisha cheti cha kuzaliwa na matokeo, mna watoto wawili kwenye karatasi na mmoja nyumbani.

Dawa yake ni rahisi ikiwahi. Jaza fomu ya shule herufi kwa herufi kama cheti cha kuzaliwa kinavyosema: Joseph ibaki Joseph, isigeuke Yosefu, na Elizabeth yenye z isije ikawa na s. Jina la ubatizo lipeleke parokiani, huko ndiko kwake. Ukitaka jina hilo litumike na shuleni, anza kwa kurekebisha cheti RITA, kisha urudi shuleni na cheti kipya. Ukianzia shuleni utakuwa umeongeza tatizo. Na kila Januari, siku ya kwanza ya muhula, mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe jina la mwanao lilivyoandikwa kwenye usajili. Usitosheke na la kwenye daftari la mahudhurio, maana hilo mwalimu anaweza kuandika atakavyo. Mwaka wa mtihani wa taifa, fanya hivyo kabla usajili haujafungwa. Baada ya hapo hata Mwalimu Mkuu mwenye huruma hana la kufanya kwa haraka.

Uhamisho nao unapitia mfumo huohuo. Shule mpya haiwezi kumchukua mtoto kwa barua tu mfukoni, ni lazima shule anayotoka imwachie kwenye mfumo. Shule inayokudai ada mara nyingi haina haraka ya kukuachia. Malizana na mhasibu kwanza, chukua karatasi ya kuonyesha hudaiwi, ndipo uombe uhamisho.

Cheti cha ubatizo

Cheti hiki hutolewa na parokia alikobatizwa mtoto, wala si parokia mnayosali sasa. Hapa ndipo wengi wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma wanapokwama. Mtoto alibatizwa Rombo au Kibosho wakati wa Krismasi, babu na bibi wakiwepo, picha zikapigwa, mkarudi mjini. Daftari likabaki kule. Miaka saba baadaye katekista wa mjini anataka cheti, na namba ya simu ya ofisi ya parokia ya kijijini haipokelewi.

Kama mnakwenda nyumbani Desemba, fanyeni shughuli hiyo kabla ya wiki ya Krismasi yenyewe. Wiki ile katibu wa parokia ana foleni ya ubatizo na ndoa. Beba majina kamili ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi kama yalivyoandikwa wakati ule, na jina la msimamizi. Kama bado mna kadi ya zamani, tafuteni humo namba ya ubatizo, ile inayoitwa namba ya LB. Ukiwa nayo katibu anafungua ukurasa moja kwa moja. Bila namba, anasoma daftari mstari kwa mstari, na ukisema "ilikuwa kama Desemba ya mwaka ule" utaambiwa urudi kesho. Shule na katekista wape nakala. Cheti chenyewe kionyeshe, kisha urudi nacho nyumbani.

Msitupe mawasiliano na parokia ile. Kipaimara na baadaye ndoa huandikwa pembeni ya jina la mtoto katika daftari lilelile la ubatizo. Mtoto akipata Kipaimara Dodoma, taarifa inatakiwa irudi Rombo. Ofisi ya parokia ndiyo yenye wajibu wa kuipeleka, lakini mzazi mjanja hupiga simu baada ya miezi michache kuuliza kama imefika.

Na kama mtoto hajabatizwa kabisa? Fanya hesabu ya umri. Kikanisa, mtoto akitimiza miaka 7 anahesabiwa kuwa na matumizi ya akili, na kuanzia hapo kwa habari ya ubatizo anachukuliwa kama mtu mzima: anapita mafundisho kwanza. Njia hiyo haina kasoro, na mara nyingi mtoto hupokea Ubatizo na Komunyo pamoja. Ila ni ndefu. Mwenye mtoto wa awali anayetaka njia fupi aende parokiani sasa. Wazazi wengine hawaendi kwa aibu kwamba hawajafunga ndoa kanisani. Kanuni ya 868 inadai mambo mawili: angalau mzazi mmoja akubali, na pawepo matumaini ya kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Paroko atawahimiza mtengeneze ndoa yenu, ni kazi yake, nanyi msikilizeni. Lakini ombeni kuonana naye yeye mwenyewe, msiishie kwenye maneno ya mtu mliyemkuta barazani.

Msimamizi naye ana masharti: awe Mkatoliki aliyekwisha pata Komunyo na Kipaimara, awe ametimiza miaka 16, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Rafiki tajiri asiyeingia kanisani mnamtafutia mtihani siku paroko atakapouliza cheti chake.

Komunyo ya Kwanza inakwama wapi

Mkiwa bado mnaanza darasa la tatu, muulize mwalimu wa dini maswali matatu. Je, shule ina mafundisho yake ya Komunyo, au watoto wanafundishwa parokiani? Kipindi cha dini cha darasani kinahesabika kama mafundisho? Na sakramenti yenyewe inatolewa shuleni, au kila mtoto kwao? Majibu hutofautiana jimbo kwa jimbo, hata parokia kwa parokia, na hakuna jibu la jirani litakalokusaidia. Kwa kawaida kipindi cha dini peke yake hakitoshi. Katekista ana daftari lake la mahudhurio, ana Jumamosi zake, na mtoto asiyeonekana humo hajulikani hata kama kwenye ripoti ya shule ana A ya dini.

Kama sakramenti inatolewa shuleni na ninyi mnasali parokia nyingine, mtahitaji barua ya paroko wenu. Paroko hataandika kabla ya kusikia kutoka jumuiya, yaani kundi la familia za mtaani kwenu zinazosali pamoja kila wiki. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ndiye anayejua kama familia inaonekana sala ya wiki, kama inashiriki, kama inatoa zaka. Familia ambayo kwa miaka mitatu haijaonekana ikaibuka kutaka barua, itaambiwa ihudhurie kwanza. Wazazi hukasirika na kusema wananyanyaswa. Ukweli ni kwamba mwenyekiti hawezi kumtambulisha mtu asiyemjua. Ukihamia mtaa mpya jiandikishe jumuiya mwezi uleule, hata kama mtoto bado yuko awali.

Halafu kuna lugha, na hili katika shule za mchepuo wa Kiingereza ndilo linalowaangusha watoto wenye akili. Shuleni mtoto anasali Kiingereza asubuhi, mchana na jioni. Anajua sala zote, tena kwa madaha. Siku ya usaili wa parokia, katekista anamsimamisha mbele ya meza.

"Haya mwanangu, tusalie Salamu Maria."

Mtoto anaanza vizuri, anafika katikati, anakwama. Anatazama dari. Anamalizia kwa Kiingereza.

"Sasa Sala ya Kutubu."

Kimya.

"Amri ya nne ya Mungu?"

Hapa anajua maana, anaweza hata kueleza, lakini maneno ya Kiswahili hayaji. Katekista anaandika "arudie". Si ukatili. Mtoto ataungama kwa padre anayesikiliza Kiswahili na atasali na kanisa linalojibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo nyumbani sala ziwe za Kiswahili. Zinazoulizwa zaidi ni Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, Nasadiki, Sala ya Kutubu, Amri 10 za Mungu, Amri za Kanisa na sakramenti 7. Nasadiki ndiyo ngumu kwa urefu wake. Igawanye vipande, kipande kimoja kwa wiki, muisali pamoja jioni kabla ya kulala. Kumkalisha mtoto Jumapili nzima aikariri kama shairi hakusaidii, Jumatatu haipo.

Kitubio hutangulia Komunyo, ndivyo sheria ilivyo. Msaidie mtoto kujichunguza kwa kupitia amri moja moja kwa mifano ya rika lake: kudanganya, kuchukua penseli ya mwenzake, kumjibu bibi vibaya. Usimwandikie dhambi kwenye karatasi. Na akitoka kuungama usimuulize amesema nini wala padre kamjibu nini, hata kwa utani. Mtoto aliyehojiwa mara moja atajifunza kuungama dhambi salama tu.

Kuhusu mavazi tutasema kwa ufupi kwa kuwa ndiko pesa zinakoteketea bila sababu. Subiri tangazo la shule au parokia kabla hujapeleka kitambaa kwa fundi. Sehemu nyingi siku hizi zina sare moja kwa watoto wote, nyeupe na ya kawaida, na gauni la ngazi tatu lililokwisha shonwa litabaki kabatini. Mshumaa, rozari na kitabu cha sala vinatosha.

Asubuhi ya Misa ya shule

Mfungo wa Ekaristi ni saa moja, na inahesabiwa kurudi nyuma kutoka wakati wa kupokea Komunyo. Wengine wanahesabu kutoka Misa inapoanza. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtoto aliyeamka saa 11 alfajiri kupanda basi la shule. Misa ikianza saa 1:00 asubuhi, Komunyo hutolewa karibu saa 1:40. Mtoto akimaliza uji na andazi kabla ya saa 12:40 yuko sawa. Hakuna haja ya kumpeleka na njaa, akaanguka katikati ya mahubiri na Misa ikageuka shughuli ya kumpepea. Pipi na bisikuti ndani ya basi ndizo zinazovunja mfungo, hivyo mkague mfuko. Maji hayavunji mfungo, wala dawa. Mtoto mwenye sikoseli anywe maji yake kama daktari alivyoelekeza, na mwenye pumu atumie dawa yake bila woga. Mgonjwa hafungwi na sharti hilo kabisa.

Sadaka mpe sarafu yake mwenyewe mkononi, 200 au 500, usiikunje ndani ya daftari pamoja na hela ya matumizi. Ikichanganyika, inayotangulia ni ya karanga. Watoto wa Utoto Mtakatifu wana utaratibu huohuo: shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na kwa kidogo walicho nacho. Noti ya baba haimfundishi mtoto kitu hicho. Kama anapewa 500 ya matumizi kwa siku, aamue mwenyewe atakachoacha.

Kwaresima huleta bidii kupita kiasi. Kutokula nyama Ijumaa kunawahusu waliotimiza miaka 14, na kufunga kwenyewe kunawahusu wenye miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Mtoto wa darasa la tatu halazimiki hata kimoja. Akitaka kujinyima, ajinyime soda au katuni, asijinyime chakula cha mchana kabla ya kipindi cha hesabu. Njia ya Msalaba ya Ijumaa ina vituo 14 na kupiga magoti kwingi, hivyo sketi fupi na kaptula iliyobana havifai siku hiyo.

Mzazi asiye Mkatoliki

Shule hizi hupokea watoto wa dini zote, na wazazi Waislamu, Walutheri, Wamoraviani na Waadventista ni wengi humo. Uliza kabla ya kulipa, na uombe kujibiwa kwa maandishi: mtoto anatakiwa kuhudhuria Misa au anaweza kubaki na mwalimu mwingine? Hijabu inaruhusiwa, na ya rangi gani? Mtoto anayefunga Ramadhani anasamehewa michezo na nani? Mtoto wa Kisabato itakuwaje mtihani au mahafali yakiangukia Jumamosi? Mwalimu Mkuu mzuri hachukii maswali haya, anayapenda, kwa sababu yakija katikati ya muhula yanakuja na hasira.

Kuna jambo moja la kumweleza mtoto waziwazi. Katika Misa ya shule watoto hupanda kupokea kwa mistari ya darasa, na mtoto asiye Mkatoliki hujikuta amesukumwa na mstari hadi mbele ya padre, ananyoosha mikono kama wenzake, anapewa. Halafu nyumbani ni ugomvi, shuleni ni aibu. Mfundishe abaki kwenye benchi, au mahali padre anapotoa baraka apande akiwa amekunja mikono kifuani. Mtoto Mkatoliki ambaye hajapata Komunyo naye vivyo hivyo, hasa aliyehamia katikati ya mwaka na mwalimu hajui hali yake.

Ada, na bweni

Kanisa halimaanishi nafuu. Walimu wa shule hizi wanalipwa kutoka ada, na Sista Mkuu anayekurudishia mtoto nyumbani mara nyingi ana mishahara ya mwezi uliopita bado mezani. Anachoweza kukufanyia ni kugawa malipo, na anakufanyia ukienda kabla ya tarehe. Peleka barua ya ukurasa mmoja: jina la mtoto na darasa, kiasi unachodaiwa, unacholipa leo, na tarehe za kiasi kilichobaki. Usiandike tarehe ya kumfurahisha, andika unayoiweza. Ukivunja ya kwanza, barua ya pili haisomwi.

Unapolipa benki, sehemu ya maelezo andika jina la mtoto na darasa. Jina lako halimsaidii mhasibu anayetafuta pesa ya "J. Mushi" katika shule yenye akina Mushi tele. Hakikisha pia ni akaunti ya shule. Masista wana akaunti ya nyumba ya shirika na nyingine ya shule, na pesa ikiingia isikotakiwa kuirudisha huchukua muda huku mtoto ameandikwa mdaiwa. Hati ya benki ipeleke ofisini upewe stakabadhi, halafu stakabadhi zote zikae bahasha moja hadi mtoto amalize shule.

Orodha ya vifaa vya kujiunga isomeni pamoja na mzazi mwenye mtoto darasa la juu. Rimu ya karatasi, fagio na sabuni nunueni. Sweta zuri linaloweza kukunjwa mikono nunueni kubwa. Viatu visiwe vikubwa, mtoto hujikwaa akaanza kuvivua darasani.

Bweni kwa watoto wadogo haliruhusiwi tena kiholela. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, bila kibali maalumu. Shule ikikuambia ina bweni la darasa la pili, omba kukiona hicho kibali. Kwa wa darasa la tano na kuendelea, tembelea bweni lenyewe usiishie ofisini: hesabu vitanda na vyoo, uliza nani analala jengo moja na watoto, na usiku mtoto akiugua ufunguo wa gari uko kwa nani.

Mambo yakiharibika

Watu humwogopa mtawa. Mzazi anayempigia kelele mwalimu wa shule ya serikali, akifika kwa Sista anainamisha kichwa, anasema "sawa Sista", kisha anakwenda kulalamika kwenye basi. Lalamiko lako lipeleke kwa mpangilio: mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma au wa nidhamu, Mwalimu Mkuu, meneja wa shule, kisha ofisi ya elimu ya jimbo kama shule ni ya jimbo, au mkuu wa shirika kama ni ya watawa. Askofu ana haki ya kukagua shule za Kikatoliki zilizo jimboni mwake, hata zinazoendeshwa na mashirika ya watawa. Upande wa serikali kuna Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu wa halmashauri na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, nao wana mamlaka hapa kama walivyo nayo kwingine. Andika tarehe, nani alikuwepo, na unachotaka kifanyike. Malalamiko yasiyo na ombi huishia kwenye "tumekusikia mama".

Viboko vina kanuni zake za mwaka 2002. Haviruhusiwi kuzidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa hayupo. Kila adhabu huandikwa kwenye daftari. Mzazi anaweza kuuliza daftari hilo. Binafsi tunaona shule ambayo daftari lake ni tupu kwa sababu haichapi ndiyo ya kuikimbilia, nazo zipo. Tupu huku watoto wana alama miguuni ni habari nyingine.

Na kama ni mtu mzima amemgusa mtoto isivyofaa, mpangilio wa hapo juu haupo. Awe mlinzi, mwalimu, katekista au padre, huendi kwanza kuomba ushauri wa parokia. Mtoto apelekwe hospitali akiwa na nguo zilezile bila kuogeshwa, na taarifa itolewe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure. Kanisa lenyewe tangu 2019 linayataka majimbo yawe na njia iliyo wazi ya kupokea taarifa za aina hii. Itumie pia, lakini baada ya polisi. Mzee wa baraza akija nyumbani jioni kuzungumza "tulimalize kifamilia", mpe chai na umwambie limeshafika polisi.

Kabla hajamaliza

Chini ya Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na mtaala mpya Januari 2024 atamalizia la sita. Wazazi wengi bado wanapanga sakramenti kwa kalenda ya zamani, Komunyo la nne au la tano na Kipaimara la saba. Darasa la saba halitakuwepo. Muulize paroko mapema Kipaimara cha parokia yenu huwa mwaka gani na kwa umri upi, kwa sababu askofu haji kila mwaka kila mahali, na mtoto akishaenda sekondari ya bweni mkoa mwingine mafundisho huanza upya kwa katekista asiyemjua.

Kwa wavulana wanaotaka seminari ndogo, yaani sekondari ya wanaofikiria upadre, ombi hupitia kwa paroko. Ataandika barua ya kumtambulisha, na atamwandikia vizuri zaidi mtoto aliyemwona akitumikia altareni kuliko aliyemwona siku ya kuomba barua. Vyeti vya ubatizo na vya Kipaimara kama kipo viwe tayari, pamoja na ripoti za shule za miaka ya mwisho, na mjue tarehe za usaili wa jimbo lenu mapema, maana hutangazwa kanisani Jumapili na si lazima zifike shuleni.

Siku ya mahafali, keki ikishakatwa, pitieni kwa mhasibu na kwa Mwalimu Mkuu kabla ofisi haijafungwa: cheti cha kumaliza, nakala ya ripoti ya mwisho, namba ya mtihani, na cheti cha ubatizo kama mliwahi kukiacha pale siku ya kuandikishwa. Januari ofisi hiyo itakuwa na wazazi wapya mlangoni na rimu zao za karatasi.